Taita yaweza kuvuna watalii Waislamu ikijibu maswali ya jikoni

MSAFIRI anayepanda gari moshi la Madaraka Express mjini Mombasa huanza kuviona vilima vya Sagalla, na nyuma yake milima ya Taita, muda mfupi kabla ya kufika stesheni ya Voi. Huitazama kupitia dirishani, huisifu, kisha huendelea na safari yake hadi Nairobi.

Jambo hili linastahili kutafakariwa. Wakazi wa Mombasa hunywa maji ya chemchemi za Mzima zilizo katika kaunti ya Taita Taveta, na kwa miongo mingi wamenunua sokoni mboga zinazolimwa Wundanyi. Hata hivyo, familia ya Kiislamu ya Pwani inapopanga likizo ya watoto, mara nyingi milima hiyo haimo katika hesabu.

Umbali hauwezi kuwa kisingizio. Kutoka Mombasa hadi Voi ni takriban kilomita 150. Gari moshi la Madaraka Express lilianza kusimama Voi mwaka wa 2017, na barabara ya lami kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta imerahisisha usafiri uliokuwa wa vumbi na matope.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba hakuna cha kutazamwa. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake humfanya mtu wa Pwani atafute sweta mwezi wa Julai. Misitu ya Ngangao na Mbololo ina ndege wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo kurumbiza wa Taita, ambaye wapenzi wa ndege husafiri kutoka Ulaya ili kumwona.

Kikwazo kikubwa ni kukosekana kwa majibu. Mzazi Mwislamu anapopiga simu katika nyumba ya wageni milimani na kuuliza nyama imechinjwa na nani, mara nyingi huambiwa, "Usijali, kila kitu kiko sawa." Jibu hilo lina ukarimu, lakini halimtoshi mtu ambaye suala la chakula kwake ni suala la ibada. Hukata simu na kuamua kwenda Malindi au Lamu kama ilivyo desturi.

Kwingineko duniani, swali hili limegeuzwa kuwa biashara kubwa. Ripoti ya kila mwaka inayotolewa na kampuni za Mastercard na CrescentRating tangu 2015 ilikadiria kwamba watalii Waislamu waliovuka mipaka ya nchi zao mwaka wa 2018 walikuwa wapatao milioni 140. Malaysia, ambayo imeongoza orodha hiyo mara kwa mara, haikufika hapo kwa ufuo na milima pekee. Ilihakikisha kwamba mgeni anapata jibu kuhusu chakula, sala na maji ya udhu kabla hajafunga mizigo yake.

Kwa Taita Taveta, suala hili ni zito kuliko linavyoonekana. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba ndovu huharibu mashamba yao ilhali mapato ya utalii huishia kwingine. Mtalii anayelala katika hoteli iliyo mbugani huenda asinunue hata ndizi moja kutoka kwa mkulima wa mlimani.

Likizo ya milimani ni tofauti. Mgeni hulala katika nyumba ya mwenyeji au hoteli ndogo, huongozwa msituni na kijana wa kijiji, na hula kilicholimwa bondeni. Kila shilingi anayotoa hupitia mikono ya wenyeji kwanza.

Aidha, mamlaka ya kuanza kazi hii yamo karibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana na mabunge ya kaunti jukumu la utalii wa mashinani. Jedwali hilo hilo linataja vichinjio vya kaunti. Kwa maneno mengine, nusu ya swali la mzazi wa Mombasa linaweza kujibiwa na serikali ya kaunti bila kusubiri amri kutoka Nairobi.

Katika vichinjio vingi vya umma nchini, kazi ya kuchinja hufanywa na Waislamu ili kila mnunuzi aweze kula. Tatizo hujitokeza baada ya hapo. Mbuzi au kuku huchinjwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya mgeni, na hakuna anayekumbuka kuuliza nani atashika kisu. Pengine nyama ya halali hukaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia nyama ya nguruwe.

Wanazuoni wametofautiana kuhusu nyama iliyochinjwa na Watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, na wapo wanaoiruhusu kwa masharti. Mwenye nyumba ya wageni hahitaji kuamua mjadala huo. Anachotakiwa ni kusema ukweli: nyama hii imetoka wapi, imechinjwa na nani, imepikwa katika sufuria gani. Mgeni ataamua mwenyewe.

Kuhusu chakula kingine, Taita ina bahati ambayo haijatumiwa. Kimanga, chakula cha jadi cha Wataita kinachopondwa kwa maharage pamoja na mihogo, viazi vitamu au ndizi, hakina nyama. Ukiongeza mboga za majani, mahindi ya kuchoma, parachichi na maziwa, familia yaweza kushiba siku tatu bila kuhitaji cheti cha mtu yeyote. Nyama ikihitajika, inaweza kununuliwa Voi siku ya safari au kuagizwa mapema kutoka kwa muuzaji anayejulikana.

Pombe ndiyo huhitaji mazungumzo ya mapema. Mbangara, pombe ya jadi ya Wataita, ina nafasi yake katika sherehe na mila, na mwenyeji anayemkaribisha mgeni kwa kibuyu hufanya hivyo kwa heshima. Si haki kumtaka aache mila yake ndani ya nyumba yake. Lakini akielezwa mapema, atatenga meza, vikombe na wakati tofauti, na hakuna atakayeona haya.

Familia inayotaka kujaribu safari hiyo nayo ina wajibu wa kupanga. Miezi ya Machi hadi Mei, na tena Novemba na Desemba, huwa ya mvua, na njia za udongo huteleza. Juni hadi Agosti huwa na ukungu na baridi. Mfungo wa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo anayetaka kusafiri na watoto wakati wa shule kufungwa sharti atazame kalenda zote mbili.

Sala haina ugumu kwa anayejiandaa. Kwa kuwa Taita iko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na nyakati za sala hazibadiliki sana. Kibla nacho ni rahisi: kutoka Voi au Wundanyi, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikielekea mashariki kidogo tu. Sheria imempa msafiri ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na anayetaka kuswali Ijumaa katika jamaa anaweza kuipanga siku hiyo Voi au Taveta, miji yenye misikiti.

Mambo madogo ndiyo huharibu likizo. Je, chooni kuna maji na kopo, au karatasi pekee? Je, akina mama wana chumba wanachoweza kuvua mtandio bila kuingiliwa? Je, kiongozi wa msafara msituni anajua kwamba watu watahitaji kusimama dakika kumi alasiri? Maswali haya yaulizwe kwa simu, na majibu yaandikwe.

Wapo watakaosema kwamba mpango huu unawalazimisha Wataita, ambao wengi wao ni Wakristo, kubadilika kwa ajili ya wageni. Hofu hiyo isipuuzwe, lakini historia haiungi mkono. Misafara ya Waswahili kutoka Pwani ilipita Taita kwenda Taveta na Kilimanjaro katika karne ya 19. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mnamo Mei 1848, aliyemwongoza njiani alikuwa Mswahili Mwislamu, Bwana Kheri. Watu wa imani mbili walikula na kulala katika njia hii kabla ya kuwapo reli wala hoteli.

Isitoshe, majirani hawajalala. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, Lushoto imekuwa ikipokea watalii wa vijijini tangu miaka ya 1990, na kwa kuwa wenyeji wengi huko ni Waislamu, suala la nyama ya halali halimsumbui mgeni. Familia ya Mombasa ikilazimika kuchagua kati ya mlima wenye majibu na mlima usio na majibu, ni wazi itaelekea wapi.

Kwa anayedhani kwamba jambo hili lahitaji wawekezaji wakubwa, Mraru ni somo la kutosha. Katika miaka ya 1970, wanawake wa eneo hilo la milimani lililo karibu na Voi walichoka kuachwa barabarani. Mabasi yalipowafikia yalikuwa yamejaa, na mazao yao hayakufika sokoni. Walichanga pesa kidogo kidogo kupitia kikundi chao, wakakopa zilizopungua, na mwaka wa 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Faida ya basi hilo ikawawezesha kuanza shughuli nyingine.

Kisa cha wanawake hao kiliandikwa na kusomwa na wataalamu wa maendeleo katika nchi nyingi. Walitambua kikwazo kimoja kilichowazuia kufika sokoni, wakakiondoa kwa pamoja. Leo soko ndilo linalotaka kupanda mlimani, na kikwazo chake ni kidogo kuliko basi.

Kikundi cha wanawake katika kijiji chochote cha Taita kinaweza kutenga sufuria na visu vya halali, kikaafikiana na mchinjaji Mwislamu wa Voi, kikaandaa chumba kisafi chenye mkeka na ndoo ya udhu, na kikamteua mtu mmoja wa kujibu simu kwa ukweli. Serikali ya kaunti iwape mafunzo na kuwaorodhesha. Taasisi za Kiislamu zinazotoa vyeti vya halali zifikirie ada nafuu kwa nyumba za vyumba vitatu, maana utaratibu uliobuniwa kwa viwanda na hoteli kubwa utawaacha nje.

Jambo moja liepukwe: kubandika neno 'halali' mlangoni kabla ya kazi kufanywa. Mgeni mmoja akigundua kwamba alidanganywa, habari itafika Mombasa kabla yake, na kijiji kizima kitalipia kosa la nyumba moja. Ni heri mwenyeji aseme, "Hapa nyama hatuna uhakika nayo, lakini maharage, samaki na mboga tunazo." Familia nyingi zitakuja kwa jibu hilo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Milimani Taita mwenyeji yupo, na katika gari moshi linalopita Voi kila siku mgeni yupo. Kilichobaki ni mtu wa kuinua simu na kujibu lililoulizwa.