Kelele Si Mwendo

Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Methali hii nimerushiwa mara nyingi tangu nianze kulalamika kuhusu magari yaliyokatwa sailensa, na kila ninayemsikia akiitumia huitumia vibaya. Methali inamzungumzia mwenye nyumba na mlango wake. Anaujua unavyolia, anajua bawaba gani imekauka, na akitaka ataipaka mafuta kesho. Sasa niambie, Subaru inayotoka Kitui saa saba usiku kwenda Kibwezi ikipiga risasi kila dereva anapoachilia mafuta, huo ni mlango wa nani? Wa mama wa Ikutha aliyemlaza mtoto mwenye homa? Wa mlinzi wa duka pale Mutomo? Mwenye mlango hayupo, ameshapita. Waliobaki ni wenye usingizi.

Niseme mapema ili tusipotezeane wakati: sichukii magari. Injini ikilia vizuri nageuka kutazama kama mtu mwingine yeyote. Ninachokipinga ni ule uongo kwamba ekzosi iliyokatwa ni michezo, ni ufundi, ni nguvu, ni ujana. Si kimoja kati ya hivyo. Michezo yenyewe inayotajwa kama kisingizio hupima sauti zake kuliko sisi tunavyopima unga.

Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui watu waliiomba kwa miaka mingi. Walioijua kabla ya lami wanakumbuka vumbi, makorongo, na mvua moja iliyotosha kukata safari. Lami ilipokuja ikavuka Mto Athi na kuziunganisha kaunti mbili kwa njia ambayo siasa haikuwahi kuweza. Mgonjwa anafika hospitali, embe linafika soko kabla halijaoza. Lakini lami nyoofu yenye magari machache ni kishawishi, na wapo waliogundua kwamba usiku inafaa kuwa uwanja wa mbio usio na kiingilio. Upande wa Makueni kuna Barabara ya Mombasa yenyewe: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Hii ni miji iliyojipanga kando ya lami. Duka, kanisa, msikiti, hekalu, shule, zahanati, vyote viko karibu na barabara. Ikifika Pasaka au Desemba, misafara ya kwenda Pwani inapita hapo kama harusi isiyokwisha, na kila mmoja anataka asikike.

Ukiwauliza, watakwambia, "Hii ni motorsport, mzee. Huwezi kuelewa."

Haya, tuizungumze hiyo motorsport. Uwanja wa Brooklands, Uingereza, ulifunguliwa mwaka 1907. Kufikia miaka ya 1920 majirani walikuwa wamechoka, wakaenda mahakamani, na magari yakalazimika kufungwa sailensa kubwa iliyopewa jina la uwanja huo. Hiyo ni karne moja iliyopita. Leo, ukitaka kuingiza gari lako kwenye viwanja vingi vya Uingereza, kabla hujagusa lami anakuja mtu na mita ya sauti. Anaiweka nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, anakuambia upandishe injini hadi robo tatu ya mizunguko yake ya juu, anasoma. Ukizidi kikomo, mara nyingi desibeli 105 au chini ya hapo, hushuki uwanjani. Laguna Seca, kule California, siku nyingi kikomo ni desibeli 90 hivi, zikipimwa kando ya njia gari likiwa mbioni. Madereva wa huko hufungia ekzosi kipande cha bomba kilichopinda ili mdomo uelekee mbali na mita. Cheka ukitaka, lakini tazama wanachokihangaikia: mtu ana gari la mamilioni na anahesabu desibeli moja moja, maana nje ya ukuta kuna watu wanaoishi.

Na Safari Rally ambayo vijana wetu wanaiota, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021? Magari ya rali hutumia pia barabara za kawaida kutoka hatua moja hadi nyingine, kwa hiyo hufungwa sailensa. Kati ya 2022 na 2024 yale ya daraja la juu yalikuwa na mota ya umeme, na kwenye eneo la matengenezo yalitembea kimyakimya. Bingwa wa dunia anapita kimya mbele ya mashabiki wake, halafu mtu mwenye gari la kupeleka watoto shule anapasua masikio ya Makindu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hoja ya pili: sailensa inaua nguvu ya gari. Hapa ndipo mafundi wetu wanapopotosha watu, na wengine wanajua wanapotosha. Kinachobana injini ni bomba jembamba, kona kali, au sailensa iliyooza ndani ikaziba. Sailensa nzuri ya kunyonya sauti ni bomba lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa sufi ya kioo au ya chuma, kisha likafunikwa na mkebe. Moshi unapita katikati bila kizuizi. Sauti inaingia matunduni na kufia kwenye sufi. Sufi ikichakaa inabadilishwa. Ukihitaji ukimya zaidi unaongeza sailensa ya pili mbele yake, au chumba cha pembeni kilichopimwa kuua mlio mmoja unaosumbua, ule wa kuvuma ndani ya kichwa. Hakuna uchawi hapo, ni kuchomelea na kupima. Tena gari la turbo huanza na faida: ile turbo inakula sehemu ya nguvu ya moshi kabla haujafika nyuma, na sauti inapungua nayo. Hata ule mngurumo wa Subaru unaopendwa sana chanzo chake ni mabomba ya mbele yasiyolingana urefu. Utaupata hata sailensa ikiwa mahali pake, kwa kiasi cha binadamu.

Kisha kuna biashara ambayo haisemwi. Fundi mmoja wa Kitui aliniambia bila kupepesa macho, "Mimi nikitoa katalitiki ya kampuni, sikutozi. Naweza hata kukuongezea kitu." Bila shaka. Ndani ya lile sanduku la kusafisha moshi kuna platinamu na ndugu zake, na wanunuzi wapo. Kijana anaondoka akidhani amepewa ofa ya nguvu za farasi. Ameuza madini kwa bei ya soda, akaachiwa bomba tupu, moshi mchafu na kelele.

Halafu fikiria gari lenyewe limetoka wapi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Mengi yanatoka Japani, ambako gari hukaguliwa kila baada ya muda na ekzosi hupimwa kwa mita: kwa magari mengi ya kisasa ya abiria yenye injini mbele, kikomo cha kipimo cha karibu ni desibeli 96. Kwa hiyo gari lilifika Mombasa likiwa na adabu. Lilikaa na majirani kule kwa miaka, hakuna aliyelitukana. Ni sisi tuliolipeleka gereji kulivua.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu inajifanya ina huruma: kelele zinaokoa maisha, watu wanasikia unakuja. Ekzosi inatazama nyuma, ndugu yangu. Sauti kubwa zaidi inawafikia uliokwisha wapita. Kwa kilomita 130 kwa saa unakula mita 36 kila sekunde, na anayekusikia mbele ana muda wa kushtuka tu, hana muda wa kuhama. Na si watu peke yao wanaoshtuka. Alfajiri barabara zetu zina punda, wamebebeshwa mitungi ya maji, na mara nyingi anayewaongoza ni mtoto. Punda akisikia mlio kama wa bunduki haulizi ni modeli gani. Anaruka. Upande atakaorukia ndio utakaoamua siku ya mtoto huyo.

Nne: kwani kesha hazipigi kelele? Kwani wanasiasa hawaji na vipaza sauti? Wanapiga, na wao pia sheria inawahusu. Ila wa kesha namjua, naweza kumbishia hodi kesho tukaongea kama majirani. Wa barabarani nitambishia hodi wapi?

Sheria ipo, na ina namba. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2009 zinakataza kuendesha gari linalotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, na linalozidi desibeli 84 likiongeza mwendo. Zinasema pia kwamba kuanzia saa mbili na dakika moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kelele za nje kwenye makazi zisizidi desibeli 35. Tupige hesabu. Sauti mahali pa wazi hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapozidishwa mara mbili. Gari la desibeli 105 kwa nusu mita, yaani lililofaulu mtihani wa uwanja wa Uingereza, likiwa mita 32 kutoka dirishani linabaki na desibeli 69 hivi. Mita 512, zaidi ya nusu kilomita, bado 45. Na hilo ni gari lenye sailensa! Lililokatwa kabisa halina hata mahali pa kuanzia hesabu.

Lakini nani anapima? Mara ngapi umeona mita ya sauti kwenye kizuizi cha barabarani? Kinachotokea ni kwamba wa nduthi husimamishwa, kwa sababu ni mnyonge na ana haraka ya mteja, halafu gari kubwa lenye vioo vyeusi linapungiwa mkono. Sheria isiyopimwa inageuka kuwa hasira ya askari wa siku hiyo. Mimi sitaki msako. Nataka kipimo, kile kile kwa nduthi na kwa gari la mheshimiwa.

Na tusikimbilie kuilaumu Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele, kwa maandishi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti hizo hizo. Kwa hiyo Kitui na Makueni zina mamlaka ya kununua mita, kuzikagua ziwe sahihi, na kuzipeleka Mutomo na Makindu usiku wa Ijumaa. Zina vyuo vya kufundishia kijana kutengeneza sailensa inayopitisha moshi na kuzuia sauti, ufundi ambao ungemlipa kuliko kukata mabomba. Na kama kweli tunao vijana wenye kiu ya mwendo, kaunti iwatafutie uwanja Jumamosi moja kwa mwezi: kuwe na ambulensi, kofia ngumu, na mtu wa mita mlangoni. Atakayezidi asiingie. Tutajua mara moja nani alipenda mbio na nani alipenda kusikika tu.

Wewe uliyekata, sheria usiingoje. Rudi kwa fundi yule yule. Alichokikata anaweza kukirudisha, ni kuchomelea kwa asubuhi moja. Mwambie aweke bomba la upana unaofaa, sailensa iliyojazwa sufi, na aache kuuza masanduku ya watu. Kisha pita Ikutha usiku ukienda zako. Gari lako litakuwa na nguvu zake zote, na yule mtoto mwenye homa atakuwa bado amelala.