Feza yako mkononi mwa mwingine

Mwezi huu tuzungumze juu ya feza. Si feza ya mshahara wala ya sokoni, lakini ile unayompa mtu mwingine aifanyishe kazi, kisha akurudishie pamoja na faida.

Katika miji yetu ya migodi jambo hili ni zito. Kwetu mara nyingi feza haiji kidogo kidogo kama kwa mama anayeuza mboga. Inakuja siku moja, nyingi, halafu haiji tena. Kumbukeni miaka ya 2003 na 2004: wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja akapokea hesabu yake ya mwisho. Na leo mchimbaji anaweza kuuza mzigo wake kwenye depo na kurudi nyumbani na feza ambayo hakuiona mwaka mzima. Siku ile ile marafiki wanaongezeka. Mmoja atakuja na daftari kwapani na kusema: "Baba, lete hiyo feza, kisha mwezi mmoja itakuwa mara mbili."

Utamjibu nini?

Maneno yake si mapya. Mwaka wa 1920, mjini Boston huko Marekani, mtu mmoja mzaliwa wa Italia, jina lake Charles Ponzi, aliahidi faida ya 50% kwa siku 45. Alisema ananunua kuponi za posta katika nchi ambako bei ni ndogo, na kuzibadilisha Marekani kwa bei kubwa. Watu walipanga mstari mlangoni pake. Wa kwanza walilipwa kweli, na hao ndio walioita wengine. Lakini feza waliyopewa haikutoka katika kuponi, ilitoka mfukoni mwa wale waliokuja nyuma yao. Mwandishi wa mambo ya feza, Clarence Barron, alipiga hesabu: ili kazi ile iwe ya kweli, zingehitajika kuponi milioni 160, lakini zile zilizokuwa zikizunguka zilikuwa karibu 27,000 tu. Mwezi wa 8 wa mwaka ule Ponzi alikamatwa.

Angalia vizuri: kuponi zilikuwako kweli. Uongo wa namna hii unapenda kusimama juu ya kitu kidogo cha kweli. Boston ilikuwa kuponi. Kwetu itakuwa madini, dola, ao magari ya kuagiza ngambo.

Sisi pia tulipita njia hiyo. Mwaka wa 1991, wakati nchi yetu ingali Zaïre, kampuni moja ya Kinshasa, Bindo Promotion, ilikusanya feza za watu wengi kwa ahadi ya kuzirudisha zikiwa zimeongezeka sana kwa muda mfupi. Tusicheke watu wale. Bei zilikuwa zikipanda kila juma, na akiba ya mtu ilikuwa ikiyeyuka mfukoni kama chumvi ndani ya maji. Mtu anayezama anashika hata jani. Lakini mwaka ule ule kampuni ilianguka, na nyumba nyingi zikabaki na karatasi tu mkononi.

Sasa, sheria inasema nini?

Kwanza tuone Marekani, kwa sababu wao walijifunza kwa machozi. Kisha soko la hisa la New York kuanguka mwaka wa 1929, walitunga sheria moja kwa nyingine. Ile ya 1933 inasema: anayetaka kuuza hisa kwa watu wote anapashwa kwanza kuandika mbele ya wote ukweli wa kazi yake, faida na hatari. Ile ya 1934 iliweka ofisi ya kulinda soko. Na ile ya 1940 ni juu ya mifuko ya pamoja, ambapo watu wengi wanaweka feza mahali pamoja na kumpa fundi mmoja aitumikishe. Sheria ile inataka mali ya mfuko iwekwe kwa mlinzi, mara nyingi banki. Fundi anatoa amri ya kununua na kuuza, lakini hafungi mfuko wa watu pamoja na suruali zake ndani ya sanduku moja.

Mama wa likelemba wanafahamu jambo hili kuliko wengi: anayeandika daftari asiwe yeye tu mwenye kushika sanduku.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Bernard Madoff wa New York alikuwa mwenye daftari na mwenye sanduku, yote mawili. Watu waliwaonya wakubwa wa ofisi ile ya kulinda miaka mingi mbele, na wao hawakuchimba mpaka chini. Alianguka mwezi wa 12 wa 2008, akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Ni hukumu kubwa, lakini mzee aliyetegemea feza ile kwa chakula chake, kifungo cha Madoff hakijazi chungu chake. Wengi walingoja miaka mingi ili warudishiwe sehemu.

Na hapa Congo? Utasikia watu wakisema hapa hakuna sheria. Si kweli. Tarehe 2 mwezi wa 2, 2002, zilitoka sheria mbili: moja ya mabanki, nyingine ya koperative za akiba na mkopo. Mwaka wa 2011 ikaja ile ya mikrofinansi, na mwezi wa 12 wa 2022 sheria mpya ya mabanki ikachukua nafasi ya ile ya 2002. Shina lao ni moja: hapana mtu anayeweza kukusanya akiba ya watu wote bila ruhusa ya Banki Kuu ya Congo. Karatasi ile inaitwa agrément.

Hapa ndipo mtego. Mwenye daftari atakuonyesha karatasi yenye muhuri, nawe utaogopa muhuri. Soma! Mara nyingi ni registre de commerce. Karatasi ile inamruhusu kufanya biashara. Haimruhusu kupokea akiba yako. Ni sawa na mtu mwenye ruhusa ya kuuza dawa, naye anataka kukupasua tumbo.

Utauliza: na likelemba yetu, je? Ile ni jambo lingine. Ninyi munajuana, hapana anayeahidi faida, kila mmoja anapata kile alichoweka. Hatari inaanza siku mwenye sanduku anapoanza kupokea feza za wageni na kuahidi zaidi ya zile zilizoingia.

Basi, baba na mama, mbele ya kutoa feza, kaeni pamoja mezani na kuuliza haya:

1. Agrément ya Banki Kuu iko wapi? Usione haya kwenda kuuliza Banki Kuu yenyewe; iko na ofisi yake Lubumbashi.
2. Faida inatoka katika kazi gani? Kama hawezi kueleza hata mtoto wa darasa la sita afahamu, ngoja.
3. Nani anashika sanduku, na nani mwingine anahesabu?
4. Nikitaka feza yangu kesho, nitaipata kwa njia gani?

Kama anakasirika kwa maswali haya, amekwisha kujibu. Na kama anakuja kwa jina la kanisa ao la ndugu, umuulize mara mbili.