Maharagwe ya Milimani na Sufuria ya Presha

Mama aliyezoea kupika Bujumbura, akahamia na jamaa yake Ijenda katika milima ya Mugamba, hushangazwa na jambo moja mara tu aanzapo kazi za jikoni. Maharagwe ni yale yale, sufuria ni ile ile, maji yanatokota kwa nguvu, lakini saa zapita na maharagwe yangali magumu. Jirani mmoja atasema maharagwe ni ya zamani. Mwingine atalaumu kuni mbichi. Ni kweli kwamba maharagwe ya zamani huchelewa kuiva, lakini hapa mkosaji mkubwa ni hewa.

Binadamu huishi chini ya hewa kama samaki aishivyo chini ya maji, na hewa hiyo humkandamiza kila upande. Pwani, shinikizo lake, ambalo wengi huliita presha, hukaribia uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo hewa iliyo juu yake ipunguavyo. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwagiza shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme akiwa na bomba la kioo lenye zebaki; kileleni zebaki ikawa imeshuka zaidi ya sentimita 8.

Maji nayo hutokota pale mvuke wake upatapo nguvu ya kulishinda shinikizo la hewa iliyo juu yake. Pwani hutokota kwenye nyuzi 100 za joto, Bujumbura kwenye nyuzi 97 hivi, na Ijenda, iliyo juu ya mita 2,000, kwenye nyuzi 93 au chini yake. Kuchochea moto hakufai kitu: maji yatafanya fujo na kukauka mapema, ila joto lake halitapanda. Kuni nyingi huteketea bure kwa njia hiyo.

Wala hasara si ya kuni peke yake. Maharagwe mekundu yasiyoiva sawasawa yana sumu iletayo kutapika na kuhara. Yafaa yalowekwe saa tano au zaidi, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya. Maji ya kunywa nayo, katika nchi ya juu namna hiyo, yaachwe yatokote kwa dakika 3.

Dawa ya tatizo hili ilionyeshwa London mwaka 1679 na Denis Papin, Mfaransa mwingine: sufuria iliyofungwa kabisa, ambayo mvuke wake hauna pa kutokea. Shinikizo ndani hufikia takriban mara mbili ya lile la hewa ya pwani, na maji hupanda hadi nyuzi 120 hivi. Maharagwe huiva kwa muda mfupi mno.

Lakini na tufikirie mfuniko wake. Ukiwa na upana wa sentimita 20, eneo lake hupita sentimita 300 za mraba. Basi mvuke huusukuma juu kwa nguvu ya kilo 300 na zaidi, uzito wa wanaume wanne. Ili kukutana na shinikizo kama hilo katika Ziwa Tanganyika, mzamiaji hana budi kushuka mita 10.

Maji yale ya nyuzi 120 hubaki maji kwa sababu tu yamekandamizwa. Mfuniko ukifunguliwa kwa nguvu, shinikizo hutoweka, yote huchemka kwa mpigo, na mchuzi humrukia mpishi usoni. Sufuria iepuliwe, ingojewe ipoe, na mfuniko ukikataa kufunguka uachwe. Isijazwe maharagwe na maji kupita nusu, kwani povu huziba tundu la mvuke. Tundu hilo litazamwe kwenye mwanga kabla ya kila mapishi. Wapo wanaoweka jiwe juu ya kile kizibo kizito ili chakula kiive upesi zaidi. Hilo ni kutengeneza bomu jikoni, maana kizibo hicho ndicho kitoacho mvuke uliozidi. Mpira wa mfuniko ukichanika, mvuke huvujia pembeni na sufuria huwa kama sufuria nyingine yoyote. Ununuliwe mpya wa kipimo kile kile, wala usifungwe kwa kitambaa.