Jiwe la Ivuna na Darasa Tunalolidai

Ndugu zangu wa Tunduma na Vwawa, wa Mlowo na Mkwajuni, wa Itumba na Ivuna,

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani pale Ivuna, ambako leo ni Wilaya ya Momba. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja, vilikuwa gramu 705 tu. Vikachukuliwa, vikaenda katika makumbusho na maabara za ng'ambo, na jina la Ivuna likawa jina la ukoo. Wanasayansi huliita kundi zima la vimondo vya aina hiyo CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Desemba 2020, chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta duniani vumbi la sayari ndogo ya Ryugu, wataalamu walililinganisha na jiwe la kwetu, wakakuta vinafanana mno.

Wapo vijana wangapi wa Momba wanaomaliza kidato cha nne bila kuisikia habari hii? Siwalaumu wao wala walimu wao. Nalitaja jiwe kwa sababu naona mito yetu, misitu yetu na udongo wetu vikielekea njia ile ile ya kusomwa na wengine na kuandikwa na wengine, nasi tukabaki kuonyesha mahali palipokuwa na kitu.

Tazameni tulichokalia. Ngwala, wilayani Songwe, kuna madini adimu yanayotafutwa na watengenezaji wa sumaku za magari ya umeme. Itumbula, kando ya Ziwa Rukwa, imechimbwa visima vya kutafuta gesi ya heliamu. Kabulo, Ileje, kuna makaa ya mawe. Saza na Mkwajuni, dhahabu inasagwa kwenye makarasha na kukamatwa kwa zebaki, na maji ya upande ule yanateremka kuelekea Rukwa, tunakovua samaki. Mto Songwe, unaotutenganisha na Malawi, ukifika bondeni Kyela huhama njia kiasi kwamba serikali mbili zimelazimika kuwa na kamisheni ya pamoja ya bonde lake. Udongo unaoporomoka kwenye miteremko ya Ileje haupotei, unakwenda kumdai jirani wa chini.

Na Tunduma yenyewe? Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta hatujafika watu 100,000. Ile ya 2022 ilitukuta tumeshavuka 200,000. Kila anayeishi Sogea, Majengo au Mpemba anajua maana ya ongezeko hilo bila kuambiwa: ndoo za maji, magunia ya mkaa, taka za soko, oili chafu ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia.

Haya yote yana wasomi wake. Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha sayansi na usimamizi wa mazingira, na Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha uhandisi wa mazingira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha ofisi ya kutathmini rasilimali na matumizi ya ardhi tangu 1967, na ndiyo iliyozaa taasisi ya sasa ya tathmini ya rasilimali. Elimu ipo nchini. Ila kijana wa mkoa wetu wa Songwe akiijazia fomu, mzazi anamuuliza, "Mwanangu, mazingira? Utaajiriwa wapi, kufagia barabara?" Kijana anabadilisha chaguo. Asiyebadilisha anahitimu, anarudi na bahasha ya vyeti, anaingia kwenye bodaboda. Wadogo zake wakimtazama, hawahitaji mshauri mwingine.

Kozi hufa hivyo. Haifungwi kwa tangazo. Inaanza kwa kukosa anayeiona faida yake nyumbani. Ndiyo maana nasema hatima ya masomo ya mazingira haiamuliwi kwenye seneti za vyuo peke yake. Inaamuliwa Vwawa na Tunduma, pale tunapoamua kama kazi ya msomi huyu tunaihitaji au hatuihitaji.

Wanaodhani utafiti ni mambo ya vitabuni wawaulize wakulima wa kahawa wa Mbozi. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Mbimba, hapa hapa wilayani. Wataalamu wa taasisi yake walipoleta miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani, mkulima aliona tofauti shambani kwake, kwenye matawi. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Mtafiti anapoishi jirani na tatizo, tatizo linampigia hodi kila asubuhi.

Kahawa hiyo hiyo sasa inatuletea mtihani mpya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na shamba lijulikane kwa vipimo vya ramani mahali lilipo. Utekelezaji wake umesogezwa mbele, lakini sheria ipo. Nani atapima mashamba ya wanachama wa vyama vyetu vya ushirika wa mazao, yaani AMCOS? Tunaweza kuagiza kampuni kutoka mbali na kuilipa kwa bei yake. Tunaweza pia kuwapa kazi hiyo vijana wetu waliosomea kupima ardhi na misitu, ambao leo wanasubiri abiria stendi.

Ninaomba tufanye mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili.

La kwanza, tudai afisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na inatambua kamati za mazingira hadi kijijini. Mkoa wetu una halmashauri tano. Madiwani watueleze nafasi hizo zimejazwa na nani, ana vitendea kazi gani, na bajeti yake ni kiasi gani. Ajira ya kwanza ya mhitimu wa mazingira imeshaandikwa kwenye sheria.

La pili, tuwapokee wanafunzi wa fildi. Vijiji, AMCOS, vikundi vya wachimbaji wadogo na mamlaka za maji waviandikie vyuo vikuu barua: tunaye mtu wa kumpokea mwanafunzi, tuna chumba, na tatizo letu la kuchunguza ni hili. Mmoja apime maji ya mto chini ya makarasha, mwingine ahesabu magunia ya mkaa yanayoingia Tunduma kwa wiki. Sharti letu liwe moja tu: kabla ya kuondoka, mwanafunzi asimame kwenye mkutano wa kijiji atueleze kwa Kiswahili alichokikuta. Ripoti isiyorudi kijijini ni jiwe la Ivuna jingine.

La tatu, fedha. Sheria ya madini inawataka wenye leseni wawe na mpango wa wajibu wao kwa jamii, na mpango huo hupita halmashauri. Tumezoea kuomba madarasa na madawati, na ni vyema. Safari hii tuombe pia ada za vijana wa vijiji vinavyozunguka migodi wanaokwenda kusomea mazingira, maji na misitu. Na wahitimu waliopo wajiunge katika vikundi wakaombe mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, usio na riba, waanzishe vitalu vya miche, ukusanyaji wa taka na upimaji wa mashamba.

La nne, tudai darasa lenyewe. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo Mbeya, jirani kabisa, na Chuo cha Uhasibu Arusha kimekuja kujenga kampasi mkoani mwetu. Basi wabunge na viongozi wa mkoa wavisemeshe vyuo ili somo la mazingira nalo lipate kituo Songwe, chenye maabara ya kupima maji na udongo, hata kama kitaanza na vyumba viwili.

Najua kuna atakayesema tungoje serikali. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na serikali yenyewe huanzia kijijini na mtaani. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao, kabla ya yatokanayo kufungwa, mmoja wetu anyooshe mkono aulize: afisa wetu wa mazingira ni nani, amesomea nini, na mara ya mwisho alifika hapa lini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata tuanzie hapo.