Sikio la Malindi

Roketi, hata ikiwa na nguvu namna gani, huwa bubu pasipo antena. Mawimbi ya redio ya roketi hayaufuati mviringo wa dunia, na kiwiliwili cha roketi chenyewe huweza kuyaziba. Kwa hiyo antena hufungwa pande zake mbalimbali, na vituo vya kupokea habari hupangwa njiani mwake. Tarehe 25 Desemba 2021, Ariane 5 ilipoichukua darubini ya Webb kutoka Kourou, Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosikiliza. Ni heshima kwa pwani yetu. Hata hivyo, mitambo hiyo huendeshwa na Waitalia, tangu miaka ya 1960! Yatupasa kudai, bila haya, kwamba fizikia ya mawimbi ifundishwe kwa vyombo badala ya chaki tupu, na vijana wetu waandaliwe kuishika mitambo hiyo wenyewe.