Daftari la Wiki: Saa Zisizotaja Namba

Wiki hii nimekuwa nikitazama saa za ukutani za aina moja. Pale panapostahili kuwa 1, 2 au 3 pameandikwa hesabu fupi, na anayetaka kujua saa sharti aipige kwanza. Huuzwa kama zawadi ya kufurahisha walimu na wahandisi. Watu huzitazama, hutabasamu, huendelea na shughuli zao. Mimi nadhani zinastahili kutafakariwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya 9 tatu. Sharti lake ni kwamba kila saa iandikwe kwa kutumia tarakimu 9 mara tatu, isipungue wala isizidi. Nyingine hazina tabu: 2 ni (9 + 9) ÷ 9, 10 ni 9 + 9 ÷ 9, na 11 ni 99 ÷ 9. Kwenye 12 kipeuo cha pili kinaingia kazini: 9 + 9 ÷ √9, yaani 9 na 3. Kwenye 1, 9 inabeba kipeo cha 9 − 9, nayo namba yoyote isiyo sifuri ikipewa kipeo sifuri huwa 1. Ugumu uko kwenye 5 na 7. Hapo aliyeibuni akaona kwamba √9 ni 3, na 3 ikifuatwa na alama ya mshangao, 3!, humaanisha 3 × 2 × 1, yaani 6. Kutoka 6 ukitoa 9 ÷ 9 unapata 5. Ukiijumlisha unapata 7. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto.

Nane je? Ni 9 − 9 ÷ 9. Tuliosoma shule za msingi Tanzania tulikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Asiyeifuata ataanza kutoa, apate sifuri, kisha agawanye sifuri kwa 9, na saa yake itakuwa haina nane kabisa. Sijaona mfano mfupi kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi kwa nini kanuni ile ipo.

*

Ipo nyingine maarufu inayonikera, na sitaki kuificha hasira yangu. Mahali pa 9 pameandikwa 3(π − .14). Mantiki yake ni kwamba pai ni 3.14, ukiondoa .14 inabaki 3, na 3 mara 3 ni 9. Lakini pai si 3.14. Johann Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba pai haiwezi kuandikwa kama namba nzima moja iliyogawanywa kwa nyingine, kwa hiyo desimali zake haziishi wala hazijirudii kwa mpangilio. Piga hesabu ile kikamilifu na utapata 9.00478 hivi. Ile sehemu iliyozidi, ukiigeuza kuwa muda, ni kama sekunde 17.

Sekunde 17 hazimchelewishi mtu kazini. Kinachoniuma ni kwamba saa hizi hutundikwa madarasani, mbele ya watoto ambao wameambiwa kwamba katika hisabati kukaribia na kuwa sawa ni mambo mawili.

Saa hiyohiyo kwenye 7 ina mlinganyo: 52 − x² + x = 10. Weka 7 mahali pa x: 52 toa 49 ni 3, jumlisha 7 ni 10. Vizuri. Sasa weka −6: 52 toa 36 ni 16, toa 6 ni 10. Nayo inakubali! Mlinganyo wa kipeo cha pili mara nyingi una majibu mawili, na mtengenezaji alitazama moja tu. Kwenye uso wa saa, −6 maana yake ni kurudi nyuma hatua sita kutoka juu, nawe utatua chini kabisa, kwenye 6. Mshale mmoja, saa mbili.

*

Kuna aina ya tatu, yenye usomi mwingi zaidi. Kwenye 7 imeandika 6.999…, hizo 9 zikiendelea bila mwisho, na hapo wengi hubisha kwamba bado pana upungufu kidogo. Hapana. Chukua x = 0.999… Mara kumi yake ni 9.999… Toa ya kwanza katika ya pili: 9x ni 9 kamili, basi x ni 1, na 6.999… ni 7 bila upungufu wowote.

Kwenye 1 imeandika alama ya namba ya Legendre, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Adrien-Marie Legendre alikuwa akitafuta njia ya kukadiria ni namba tasa ngapi zilizopo chini ya namba yoyote utakayotaja. Namba tasa zinajulikana: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zinavyosonga mbele zinakuwa adimu, na Legendre aliona kwamba uadimu huo unafuata logaridhimu. Chukua namba yako, igawanye kwa logaridhimu asilia yake iliyopunguzwa kiasi fulani, nawe utakaribia idadi ya namba tasa zilizo chini yake. Mwaka 1808 alikitaja kiasi hicho: 1.08366. Alikipata kwa kuzitazama orodha za namba tasa zilizokuwapo zama zake, na kwa orodha hizo kilifaa sana.

Orodha zilikuwa fupi mno. Pafnuty Chebyshev akaonyesha katikati ya karne ile kwamba kama kiasi hicho kipo, basi hakina budi kuwa 1. Mwaka 1899 Charles de la Vallée Poussin akalimaliza: ni 1 kamili. Ile .08366, iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa, ilitokana na kutofika mbali vya kutosha. Takriban miaka tisini ya kazi ya watu wenye akili nyingi imekaa mahali ambapo saa ya kawaida huweka kistari kimoja. Ningekuwa na uwezo ningeiweka saa hii katika kila chumba cha takwimu, mbele ya kila anayechora mstari kutokana na data chache na kuutangaza kuwa ukweli.

*

Sasa tuje kwetu. Saa hizi zote zimebuniwa kwa ajili ya mtu anayesoma anachokiona. Sisi hatusomi hivyo. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi tunasema saa moja, kwa kuwa tunaanza kuhesabu mchana unapoanza, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halibadilishi sana wakati wake wa kuchomoza mwaka mzima. Waethiopia nao wanahesabu hivyo. Mtoto wa Tanga au Mombasa anapojifunza saa anajifunza pia, bila kuambiwa, kujumlisha au kutoa sita papo hapo.

Hesabu hiyo ina sifa nzuri: ni ileile kwenda na kurudi. Kutoka 10 kwenda saa nne ni hatua sita. Kutoka saa nne kurudi 10 ni hatua sita tena. Kwenye duara la saa 12, ukiacha ile ya kutosogea kabisa, hakuna namba nyingine ya hatua yenye sifa hiyo. Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 24, alichapisha mwaka 1801 kitabu cha Disquisitiones Arithmeticae kilichoipa hesabu ya duara namna hii alama na kanuni zake. Leo inalinda hata siri za miamala yetu ya simu.

Tazama basi saa yenye alama ya √9 peke yake kwenye nafasi ya 3. Kwa mshale mfupi ni saa tisa. Kipeuo kimetoweka, na tisa iliyokuwa chini yake ndiyo saa yenyewe! Kwa mshale mrefu, alama hiyohiyo ni dakika 15, kwa maana dakika hatuzigeuzi. Alama moja, namba tatu: 3, 9 na 15, na bibi asiyewahi kukaa darasani huzitofautisha bila kusita. Natamani fundi mmoja wa mwambao abuni saa ya namna hii kwa hesabu yetu: juu kabisa 3!, kwa ajili ya saa sita; chini kabisa kipeuo cha tatu cha 1728, kwa ajili ya saa kumi na mbili.

*

Alama ya = ilibuniwa na Robert Recorde, msomi wa Wales, katika kitabu chake cha 1557. Alichora mistari miwili sambamba kwa kuwa, kwa maoni yake, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mpe mwanafunzi wa darasa la tatu 7 + 5 = □ + 3. Wengi wataandika 12, kwa kuwa wamezoea kuiona alama ile kama amri ya kutoa jibu. Jibu ni 9. Saa ya 9 tatu inasaidia hapa, maana haina alama ya = popote; inaweka 99 ÷ 9 mahali pa 11 na kumwachia mtazamaji akubali kwamba hivyo ni kitu kimoja.

*

Wafaransa wa mapinduzi waliwahi kuibadili saa yenyewe: mchana na usiku kwa pamoja vikawa saa 10, kila saa dakika 100, kila dakika sekunde 100. Ikawa lazima kisheria mwezi Septemba 1794, na Aprili 1795 ikasitishwa. Kumi inagawanyika kwa 2 na 5 tu. Kumi na mbili inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, na robo yake ni namba nzima.

*

Kwa walimu wanaotaka kuijaribu darasani: chukueni 4 tatu. Mchezo wa 4 nne ni wa zamani, ulichapishwa katika jarida la Knowledge la London mwaka 1881, lakini tatu zinabana zaidi. Mwanzo ni mwepesi: 3 ni 4 − 4 ÷ 4, 6 ni 4 + 4 − √4, 11 ni 44 ÷ 4, 12 ni 4 + 4 + 4. Saba inapatikana kwa (4! + 4) ÷ 4, kwa kuwa 4! ni 24. Tisa ndiyo sugu, na msiwape watoto jibu mapema. Ni √4 × √4 ÷ 0.444…, ambapo ile desimali isiyokoma ni 4 ya tatu na thamani yake ni 4/9.