DOA LA UNYAYONI LISIDHARAULIWE

Ni wachache mno miongoni mwetu wasiokuwa na baka au doa jeusi mahali fulani mwilini. Karibu madoa yote hayo hayana madhara, na mwenye nalo huishi nalo hata akazikwa nalo. Lakini mara chache doa huwa si baka, bali ni melanoma, yaani saratani inayoanzia katika chembe zinazoipa ngozi rangi yake, nayo ni katika saratani zinazoua upesi zikiachwa. Kulitenga hili na lile ni kazi yenye ugumu wa pekee hapa kisiwani Pemba.

Vitabu vingi vya uganga wa ngozi vimeandikwa katika nchi za watu weupe. Mwaka 1985 madaktari wa New York walitoa kanuni inayofundishwa hadi leo: doa litiliwe shaka ikiwa nusu yake hailingani na nusu ya pili, kingo zake hazikunyooka, rangi zake zimechanganyika na upana wake umezidi milimita 6. Baadaye likaongezwa la tano, kwamba linabadilika. Kanuni ni njema. Walakini mwenye kuifuata peke yake atachunguza mgongo na mikono ya mgonjwa, kisha amwache aende zake bila ya kumvua viatu. Kwa watu weusi melanoma ni nadra, lakini inapotokea hukaa zaidi unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina lawama. Habari hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Madaktari waliofanya kazi Kampala waliiandika tangu miaka ya 1960.

Na unyayo wa Mpemba ni unyayo wa kazi. Mchuma karafuu, mvuvi wa Kojani na mama anayelima mwani hukanyaga miba na matumbawe kila uchao. Kwa hiyo doa linalotanuka, au kidonda kisichopona, huitwa sugu, au chunjua, au mwiba uliobakia ndani. Hupakwa dawa, hukwanguliwa kwa wembe, na miezi hupita hata mitoki ikavimba kinenani. Hapo maradhi yamekwisha safiri. Wala si wanyonge tu wanaopatwa na hayo: mwanamuziki Bob Marley alipopata kidonda cha kidole cha mguu mwaka 1977 ilidhaniwa ni jeraha la mpira, kumbe ilikuwa melanoma chini ya ukucha. Alifariki Mei 1981, naye ana miaka 36.

Hatupendi kutia watu hofu. Mistari myeusi katika kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu wa rangi yetu. Wa kutazamwa ni mstari ulio katika ukucha mmoja tu, unaopanuka, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia katika ngozi ya pembeni. Vilevile doa jipya unyayoni kwa mtu mzima, linalokua au kutoa damu, si la kungojea. Na melanoma nyingine huwa haina weusi hata kidogo. Huonekana kama nyama nyekundu tu.

Jicho peke yake, hata la bingwa, halitoshi kuhukumu. Hukumu hutolewa na hadubini, baada ya doa kukatwa lote na kina chake kupimwa. Likiwa halijafika kina cha milimita 1, wengi hupona kwa kukatwa tu. Ndiyo maana wembe ni adui mara mbili: hauondoi maradhi, na huharibu kipimo.

Tunaiomba Wizara ya Afya ya Zanzibar iwaagize wahudumu wa vituo vyote, kutoka Micheweni hadi Mkoani, wazitazame nyayo na kucha za kila mgonjwa wa ngozi. Hakuna doa lililokatwa hospitali litupwe bila ya kutiwa katika formalini na kupelekwa maabara. Ikiwa kipande hicho kitavuka bahari kwenda Unguja au Dar es Salaam, basi liwepo daftari lenye siku kilipoondoka na siku majibu yaliporudi, na awepo mtu aliyepewa kazi ya kumfuata mgonjwa kijijini kwake majibu yakiwa mabaya.